Tumemchangia Aingie, Nani Atamchangia Atoke?

Jumapili iliyopita nilikuwa kwenye harambee Nyalenda, hapa Kisumu, na mpaka leo sijatulia. Mtoto wa jirani yetu wa zamani, fundi umeme aliyemaliza chuo akakaa nyumbani hadi akachoka kuulizwa "umepata?", amepata kazi Urusi. Viza imetoka. MC aliinua simu ya kijana juu ili wote tuione, vigelegele vikapigwa, na mama yake, anayeuza omena Kibuye, akashindwa kuongea kwa machozi ya furaha. Mchungaji akaomba. Nami nikatoa changu, maana utafanyaje, umealikwa na soda umeshakunywa.

Kisha nikamgeukia shangazi yake aliyekaa kando yangu. "Kazi yenyewe ni gani, mama?"

"Ya ulinzi. Ama ya stoo. Ajenti atamwambia vizuri akifika."

Akifika!

Jamani, si tunasikiliza redio zilezile? Septemba 2025 polisi waliingia kwenye nyumba za kukodi kule Athi River wakakuta vijana zaidi ya ishirini wakisubiri kupelekwa Urusi. Novemba mwaka huohuo Mudavadi, mtu wetu wa huku magharibi na ndiye waziri wa mambo ya nje, akasema hadharani kwamba Wakenya zaidi ya 200 huenda wameingia kwenye jeshi la Urusi. Hizo si siri za Ikulu. Zimesomwa kwenye taarifa ya habari ya saa moja, watu wakiwa mezani. Bado tunapiga vigelegele.

Niliomba kuona tangazo lenyewe. Mahitaji: pasipoti yenye zaidi ya miezi sita, cheti cha tabia njema, kadi ya homa ya manjano, picha mbili. Hakuna mahojiano. Hakuna taarifa ya benki. Nauli juu yao. Chini kabisa, kwa herufi kubwa, NAFASI NI CHACHE.

Sasa linganisha na binamu yangu aliyetaka kwenda Uingereza kwenye mahafali ya dada yake. Aliulizwa mshahara wake, miezi sita ya akaunti yake, barua ya mwajiri, hati ya shamba, na nani atabaki na watoto. Akanyimwa, na pesa za maombi hazikurudi. Ndivyo tulivyozoea, na ndiyo sababu viza ikitoka tunaichukulia kama matokeo ya mtihani: umefaulu, wengine wamefeli, mwenye wivu anyamaze. Lakini tumia akili kidogo. Nchi iliyotulia inakuuliza mpaka jina la babu. Nchi iliyo vitani inakupa viza upesi na tiketi juu yake. Huyo anayekulipia nauli anatarajia kurudishiwa na nini?

Hapa ndipo hasira yangu ilipo, kwa hiyo nivumilieni. Huku kwetu tukisema "mahitaji ya safari" tunamaanisha mahitaji ya kuingia. Kila mtu, kuanzia ajenti hadi kamati ya harambee, anahesabu stakabadhi za kuingia. Nchi ya amani hilo linatosha, kwa sababu kutoka ni kununua tiketi tu. Nchi ya hatari mambo ni kinyume. Kuingia wanakusaidia. Kutoka ndiko kwenye kazi, na hakuna anayekuuliza umejiandaaje.

Tuanze na aina ya viza, kitu ambacho MC hakukisoma pale juu. Viza ya utalii haimruhusu mtu kufanya kazi, iwe Urusi, iwe Thailand. Kijana akiingia kama mtalii na siku zake zikaisha, hana haki ya mfanyakazi na hana tena haki ya mgeni. Yeye ni mhalifu wa uhamiaji tu, na mwenyeji wake anajua hivyo kabla yeye mwenyewe hajajua. Hapo ndipo anapoletewa karatasi. Iko kwa Kirusi. Saini hapa, la sivyo ni polisi, au ulipe gharama zote tulizokutolea. Wengi wa waliorudi wameieleza njia hiyohiyo: waliahidiwa kazi za kawaida, wakajikuta na mkataba wa jeshi.

Na mkataba huo, watakwambia ni wa mwaka mmoja. Mwaka mmoja si kitu, utavumilia, utarudi ujenge nyumba ya mawe Seme. Wasichokwambia ni kwamba amri ya Putin ya Septemba 2022, ileile iliyoita raia wake vitani, ilisema mikataba ya wanajeshi inaendelea mpaka kipindi hicho cha uhamasishaji kitakapokoma. Kwa hiyo viza yako ina tarehe ya mwisho, mkataba wako hauna. Halafu kuna zawadi ya uraia wa haraka kwa mgeni anayeingia jeshini, na ajenti huitaja kama peremende. Mimi inaniogopesha kuliko bunduki yenyewe. Ukishakuwa raia wao, siku balozi wetu kule Moscow akienda kukuulizia, ataambiwa nini? Kwamba anaulizia Mrusi.

Wasichana nao wasidhani hii ni habari ya wavulana. Oktoba 2024 shirika la habari la AP liliandika kuhusu wasichana wa Kiafrika, wa Kenya wakiwamo, walioitwa Tatarstan, jimbo la Urusi, kwa matangazo ya kazi na masomo, wakajikuta wanaunda droni za kivita katika eneo la Alabuga. Aprili mwaka huo droni za Ukraine zilikuwa zimeyapiga mabweni ya hapohapo. Waliingia kihalali kabisa. Stakabadhi zao zilikuwa safi kuliko zangu.

Ama chukua njia ya Myanmar, ambayo vijana wetu waliisikia kama "kazi ya kompyuta Thailand". Unatoka Nairobi na viza ya Thailand. Unashuka Bangkok. Gari linakupeleka hadi Mae Sot, mji wa mpakani, saa nyingi za barabara, na usiku unavushwa mto Moei hadi Myawaddy. Hakuna aliyekugongea muhuri. Kwa vitabu vya Thailand bado uko Thailand, kwa vitabu vya Myanmar hujawahi kuwepo, na wewe uko ndani ya ua wenye walinzi wa silaha ukilazimishwa kutapeli wazee wa Ulaya na Marekani kwenye simu. Ukifanikiwa kutoka, Thailand inakudai faini ya baht 500, pesa za kwao, kwa kila siku uliyopitiliza muda wa viza, hadi baht 20,000. Mwaka 2025 mwanzoni, maelfu ya watu walipotolewa kwenye makambi yale, Wakenya wetu walikuwa miongoni mwa waliokwama mpakani wakisubiri kupokewa. Walikuwa wameshaokolewa na bado hawawezi kutoka! Na ubalozi wetu unaowahudumia uko Bangkok, ng'ambo ya mpaka.

Lebanon nayo, kwa ufupi, kwa sababu wengi mna dada huko: viza iko chini ya mwajiri, pasipoti iko kabatini kwa mwajiri, na mabomu yalipoanza Septemba 2024 serikali yetu ilikadiria Wakenya 26,000 wako kule, ubalozi unaowashughulikia ukiwa Kuwait. Kuwait! Hebu fungua ramani.

Haya, najua mtakaloniambia. Na Juba je? Nusu ya Kondele imeshafanya kazi Juba. Kweli. Nakubali, kwa shingo upande. Tangu 2021 Mkenya haombi viza kuingia Sudan Kusini, ni mambo ya Afrika Mashariki, na watu wetu wameendesha malori, wamefungua hoteli, wamefundisha shule na kurudi Krismasi na magodoro. Barabara ya Nimule ina wavamizi, mji una risasi zake. Lakini anayekwenda Juba anaenda na pasipoti yake mfukoni, anajua kazi yake, ana mtu wa kwao pale, na asubuhi akichoka anapanda basi la kurudi. Hatari ipo ila ni hatari yake mwenyewe, ameipima. Mimi sina ugomvi na mtu wa hivyo.

Tena hata Juba msiizoee sana. Machi 2025 hayati Raila alitumwa kule kama mjumbe maalum, na hakuruhusiwa kumwona Machar, makamu wa rais wa kwanza, aliyekuwa amezuiliwa nyumbani kwake. Baba mwenyewe, na msafara wake. Wewe fundi wa mabomba kutoka Manyatta ukizuiliwa, nani atagonga lango?

Kuhusu maonyo ya usafiri ya Wazungu, mnajua tunavyokasirika yanapotugusa sisi, na mimi hukasirika pia. Ila wangalau wanasema mapema. Waingereza wanawatajia watu wao mpaka kilomita: msikaribie kilomita 60 za mpaka wa Kenya na Somalia. Wamarekani wanamwambia raia wao anayeng'ang'ania kwenda Sudan Kusini aandike wosia na aache sampuli za DNA kwa daktari wake. Nilipoisoma mara ya kwanza nilicheka. Sasa sicheki. Ni ukatili, lakini ni ukatili wa mtu anayejali maiti yako itatambuliwaje. Sisi taarifa ya wizara hutufikia familia ikishaweka hema.

Sitasema wizara haifanyi kitu. Khartoum ilipowaka Aprili 2023 watu wetu walirudishwa, na walioshughulika usiku na mchana ninawashukuru. Lakini kurudisha ni kazi ya mwisho. Hii serikali inayotangaza kila wiki kazi za majuu, inayopiga picha uwanja wa ndege na vijana wenye fulana za rangi moja, ingeweza kutumia nguvu hizohizo kwenye kazi ya kwanza.

Fikiria jambo dogo. Kijana akienda ofisi ya pasipoti hapa Kisumu analipa 7,500 na zaidi akitaka kurasa nyingi. Cheti cha tabia njema ni 1,050. Anapigwa picha, anachukuliwa alama za vidole, anapanga foleni mara nyingi kuliko anavyotaka kukumbuka. Katika foleni zote hizo hakuna karatasi hata moja ukutani inayosema: nchi hii, ubalozi unaokuhudumia uko mji huu, simu ni hii, viza inayoruhusu kazi inaitwa hivi, nyingine yoyote ni mtego. Ile orodha ya mawakala wenye leseni iko kwenye tovuti ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, nzuri kabisa, na mama wa omena hajawahi kuiona wala hana bando ya kuitafuta. Ibandikeni kwa chifu. Isomwe barazani, isomwe kanisani kabla ya sadaka. Matangazo ya minada ya benki huwa yanabandikwa kila mahali, nashangaa gundi hutoka wapi.

Na ajenti akikwambia utapitia Busia ukapandie ndege Entebbe, Uganda, muulize JKIA, uwanja wetu wa ndege wa Nairobi, kuna nini anachokiogopa.

Mtasema nimeshiba ndiyo maana naongea. Pengine. Kazi hapa hakuna, hilo silibishi; viwanda vyetu tunavijua, na kijana wa miaka ishirini na sita hawezi kuishi kwa kuambiwa asubiri. Omera, ndugu yangu, nenda. Nani atakuzuia? Lakini nenda ukiwa na nakala ya mkataba kwa lugha unayoisoma, viza iliyoandikwa kazi, na namba ya ubalozi kwa mama yako, kwenye karatasi, si kwenye simu utakayonyang'anywa. Kamati ya harambee ikikosa hivyo vitatu, ichange nauli ya kurudi kwanza na iiweke kwa mtu wa kuaminika.

Ninyi mawakala mnaosoma hapa, na najua mnasoma kwa sababu mmoja wenu alinitumia ujumbe Jumatatu akinionya "nisiharibie vijana riziki": nitumie mkataba mmoja tu wa hao unaowapeleka. Ficha majina. Uwe na cheo cha kazi, mshahara, mahali pa kazi, tarehe ya kuanza na tarehe ya kumaliza. Nitauchapisha hapa bila kugusa nukta, na nitaomba radhi mbele ya kila mtu. Barua pepe yangu unayo tayari.