Draiva moja ikiharibu, masasisho yote yazimwe?

Peleka kwa fundi wa Arusha kompyuta inayozima na kuwaka yenyewe tangu Windows ijisasishe. Mara nyingi jibu ni moja: tupige Windows upya, yaani tuifute na kuiweka tena, kisha tuzime masasisho yasirudi tena. Hilo la kuzima ndilo linaloninyima raha.

Hofu ya fundi ina msingi. Draiva ni mkalimani kati ya Windows na kadi ya picha, waifai au printa, na nyingi hufanya kazi kwenye kiini cha mfumo. Programu ya kawaida ikikosea hufunga peke yake. Draiva ya kiini ikikosea inaangusha mashine nzima, ndiyo ile skrini ya bluu, ambayo tangu 2025 imekuwa nyeusi kwenye Windows 11. Kwa ofisi ya utalii mwezi Agosti, wageni wakiwa tayari garini na malipo ya hifadhi hayajakamilika, asubuhi moja ya namna hiyo inatosha kumfanya mtu aape hasasishi tena. Na bando nalo linaliwa.

Lakini tukumbuke 19 Julai 2024. Kompyuta takriban milioni 8.5 zilianguka duniani, safari za ndege zikafutwa. Chanzo kilikuwa faili mbovu iliyosomwa na draiva ya ulinzi ya CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta, wala halikuwa sasisho la Windows. Aliyezima masasisho ya Windows hakuokoka kwa hilo. Upande wa pili, Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha tundu la usalama ambalo WannaCry, programu hasidi, ililipitia Mei mwaka huohuo. Waliochelewa kukiweka ndio walioachiwa mlango wazi, mafaili yao yakafungwa na kudaiwa fidia.

Kwa hiyo mimi naegemea kusasisha, ila kwa subira. Tena kupiga Windows kwa sababu ya draiva moja ni hasara kubwa mno: nimeona jirani yangu akipoteza hesabu za miaka miwili ambazo hazikuwa hata kwenye fleshi. Soma kwanza skrini hiyo ya bluu au nyeusi, wakati mwingine hutaja faili yenye mkia wa .sys, na jina hilo hukuelekeza kwenye draiva yenye kosa. Kompyuta ikigoma kuwaka, jaribio likikwama mara mbili tatu mfululizo Windows huleta menyu ya ukarabati. Humo ingia hali salama (Safe Mode), fungua Device Manager, yaani orodha ya vifaa vya kompyuta, rudisha draiva ya zamani. Kitufe cha kuirudisha kikiwa kimefifia, iondoe draiva yenye kosa, uchukue nyingine kwenye tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta. Menyu hiyohiyo inaweza kuondoa sasisho la mwisho bila kugusa mafaili yako.

Windows yenyewe inaruhusu kusimamisha masasisho hadi wiki tano. Ofisi yenye kompyuta nne iache ya mapokezi isasishwe kwanza, zile za malipo zisubiri wiki moja au mbili.