Kabla ya kuuliza rangi, uliza nani atakujibu maktaba ikigoma

Wapiga picha wa Mbeya na Iringa wakikutana, swali la programu za kuhariri picha huwa moja: ipi inatoa rangi nzuri ya ngozi? Ni swali halali, ila limepewa kiti cha mbele bila kustahili. Rangi utaizoea kwenye programu yoyote. Usichoweza kukizoea ni faili ambalo programu haijui kulisoma, au maktaba yenye harusi za misimu mitatu inayokataa kufunguka asubuhi ya siku ya kukabidhi albamu. Hapo ndipo unapojua kama programu yako ina wenyewe au ni yatima.

Nazungumzia programu zinazohariri picha ghafi (RAW, data ya kamera kabla haijawa JPEG) na wakati huohuo zinatunza maktaba ya picha: Lightroom, Capture One, darktable na nyingine za aina hiyo. Tusifichane, studio nyingi zinatumia Lightroom iliyokrakiwa, yaani iliyovunjwa ulinzi ili itumike bila kulipia. Mimi sianzi na maadili, naanza na kazi. Aliyekuuzia kwenye flashi hana namna ya kukurekebishia kitu. Ili isigundulike, programu huwa imezuiwa kuwasiliana na Adobe, kwa hiyo haijisasishi, na kamera iliyotoka baada ya toleo hilo haitafunguka. Ikianguka, huna pa kupeleka ripoti. Umepata vitufe vyote, umekosa msaada, na msaada ndio anaoulipia mwenye leseni kila mwezi.

Wala kulipa si kinga ya milele. Apple walitoa Aperture mwaka 2005, wakatangaza mwisho wake 2014, na tangu macOS Catalina ya 2019 haifunguki tena. Google waliitelekeza Picasa mwaka 2016. Lightroom 6 ya mwaka 2015, ya mwisho kununuliwa mara moja tu, ilifikia ukingoni 2017. Kampuni ikichoka, imechoka.

Ndiyo maana nadhani studio ndogo ya nyanda za juu kusini iitazame darktable kwa jicho la pili. Ni ya bure, inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux, watengenezaji wake wanafanya kazi hadharani kwenye GitHub (tovuti ya kutengenezea programu kwa pamoja), na matoleo makubwa hutoka mara mbili kwa mwaka, karibu na Juni na Desemba. Lakini msaada wake una masharti, na wengi wanayakosa kwa sababu wanaandika kama wanavyoandika kwenye kundi la WhatsApp: "Jamani imegoma, nisaidieni."

Tuanze na kamera, maana huko ndiko kilio kinakoanzia. Faili ghafi si muundo mmoja. Canon peke yake wana CR2 ya kamera kama 700D, 2000D na 4000D, na CR3 iliyoanza na EOS M50 mwaka 2018 na kuendelea kwenye 250D na familia ya R. CR3 ilingoja hadi darktable 3.8, Desemba 2021. Karibu miaka minne. Haikuwa uvivu: Canon hawakuchapisha maelezo ya muundo huo, ikabidi watu waufumbue wenyewe, na kulikuwa na hofu ya hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi) juu ya mfumo wa kifurushi kinachobeba data ndani ya faili. Nikon Z9 nayo ina ubanaji unaoitwa High Efficiency, uliojengwa juu ya TicoRAW ya kampuni ya intoPIX, na hataza zake ni ukuta kwa programu huria. Mwenye Z8 au Z9 anayetaka kutumia programu za bure aingie kwenye menyu ya kamera achague ubanaji usiopoteza data. Faili litakuwa zito zaidi, lakini litasomeka.

Kamera ikikataliwa, njia ya dharura ni Adobe DNG Converter. Ni ya bure kwenye Windows na Mac, haihitaji Lightroom, na inageuza CR3 au NEF (faili ghafi la Nikon) kuwa DNG, muundo ghafi wa Adobe ambao programu ya zamani inaweza kuusoma. Iweke mapema kwenye kompyuta, usingoje usiku wa kazi. Na usifute faili za awali mpaka uwe umefungua DNG kadhaa na kuzikagua kwa ukubwa kamili.

Kuna tatizo jingine ambalo watu huisingizia lenzi: shela jeupe la bibi harusi kupata madoa ya waridi sehemu zenye mwanga mkali. Jua la saa saba mchana Iringa, gauni jeupe na ukuta mweupe wa kanisa huleta ugonjwa huu haraka. Chanzo ni namba. Faili la biti 14 linaweza kufika 16383, lakini kihisi cha kamera yako huenda hujaa kabla ya hapo. Kama orodha ya kamera ndani ya programu inasema kilele ni 16383 wakati kihisi kimejaa kwenye 15300, programu inadhani bado kuna taarifa pale juu. Inazidisha nyekundu na bluu kwa ajili ya mizania ya weupe (white balance), kijani kinabaki nyuma, weupe unageuka waridi. Dawa ya haraka: fungua moduli (chombo cha kuhariri ndani ya programu) inayoshika nukta nyeusi na nukta nyeupe za faili ghafi, shusha nukta nyeupe kidogokidogo mpaka waridi iondoke, kisha nakili marekebisho kwenye picha zote za kamera hiyo zenye ISO ileile. Dawa ya kudumu ni kuwapelekea watengenezaji sampuli wasahihishe orodha.

Sampuli zenyewe hupelekwa raw.pixls.us, hazina ya faili ghafi za kamera mbalimbali. Wanataka faili kama lilivyotoka kwenye kadi, bila kupitishwa kwenye programu yoyote, lisilo na watu, na lililoachiliwa kwa leseni ya CC0, yaani liwe mali ya umma. Piga kitu chenye mwanga wa kutosha na rangi tofauti. Parachichi, nyanya na viazi vya sokoni Uyole vinatosha kabisa. Piga moja kwa kila namna kamera inavyoweza kuhifadhi: biti 12, biti 14, iliyobanwa, isiyobanwa. Kamera moja inaweza kuhitaji faili nne au zaidi, na kwa kihisi cha megapikseli 24 faili lililobanwa ni megabaiti 25 hadi 30 hivi, lisilobanwa huwa kubwa zaidi. Bando la usiku linamudu.

Sasa maktaba. darktable huandika marekebisho sehemu mbili: kwenye hifadhidata iitwayo library.db, na kwenye faili dogo la XMP linalokaa kando ya kila picha. Kwenye Windows hifadhidata iko ndani ya AppData\Local\darktable. Watu wananakili folda ya picha kwenye diski ya nje wakiacha XMP ("vifaili gani hivi vinajaza folda?"), halafu wanaformati kompyuta. Picha zinabaki, kazi ya miezi imekwenda. XMP zikiwepo, hata hifadhidata ikifa unaingiza folda upya na marekebisho yanarudi. Lightroom Classic kwa kawaida huweka kila kitu kwenye katalogi ya .lrcat, ukitaka XMP kwa faili ghafi lazima uwashe mwenyewe kwenye mipangilio ya katalogi. Washa leo.

Fuvu la kichwa likitokea badala ya picha kwenye darktable, usiogope na usifute kitu. Maana yake programu haioni faili pale ilipoliacha. Mara nyingi kwenye Windows diski ya nje imebadilika herufi, jana ilikuwa E, leo imekuwa F kwa sababu flashi ya mteja ilitangulia kuchomekwa. Nenda kwenye usimamizi wa diski wa Windows, ipe herufi yake ya zamani, mafuvu yatatoweka. Kama folda imehamishwa kweli, bofya kulia jina lake kwenye orodha ya mikusanyiko uielekeze mahali papya.

Umeme ukikatika katikati ya kazi na kompyuta ya mezani haina UPS, hifadhidata inaweza kuharibika. darktable huikagua inapowaka, na ikikuta dosari inakupa nafasi ya kurudi kwenye nakala yake ya karibuni. Wakati mwingine inadai programu tayari imefunguliwa wakati haijafunguliwa: kuna faili la library.db.lock limebaki. Hakikisha kweli hakuna darktable inayoendelea nyuma, ndipo ulifute. Ukifuta .lock huku programu mbili ziko hai, utaharibu kilichokuwa kizima.

Yakishindikana hayo ndipo ripoti iandikwe, na ndipo tunapoaibika. Mtengenezaji aliyeko Ujerumani au Ufaransa, anayefanya kazi hii baada ya kazi yake ya mshahara, hawezi kutibu picha ya skrini iliyopigwa kwa simu ikiwa na mwanga wa dirisha katikati. Anataka toleo kamili, 5.0.1 na si "mpya". Anataka mfumo wa kompyuta, kiasi cha RAM, jina la kadi ya picha, hatua moja baada ya nyingine mpaka kosa linapotokea, ulichotarajia, na ulichoona. Ambatisha faili ghafi pamoja na XMP yake. Tatizo moja, ripoti moja. Kiingereza kifupi cha kutafsiriwa na mashine kinatosha. Na usipandishe picha ya bibi harusi wa watu, ukurasa ule unaonekana dunia nzima. Rudia kosa kwa picha ya viazi.

Kabla ya kuandika, fanya majaribio mawili. Fungua dirisha la amri, washa darktable ukiongeza --disable-opencl, ili isitumie kadi ya picha kufanya hesabu zake. Picha iliyokuwa nyeusi au yenye miraba ikipona, mgonjwa ni dreva wa kadi ya picha, jambo la kawaida kwenye laptopu zilizotumika zenye Intel ya zamani. Kisha iwashe tena na --configdir ukielekeza folda tupu. Tatizo likitoweka, limo kwenye mipangilio yako. Andika matokeo yote mawili kwenye ripoti. Utakuwa umempunguzia anayekujibu maswali ya siku mbili.

Watengenezaji nao wana lawama yao. Toleo jipya la darktable hupandisha hifadhidata, na toleo la zamani haliwezi kuifungua tena. Onyo hutolewa, lakini kwa Kiingereza cha kiufundi ambacho mtu mwenye haraka anakipita kwa kubofya ndiyo. Majina ya moduli nayo yameandikwa kana kwamba kila mpiga picha amesomea fizikia ya mwanga. Na mtu akiuliza swali la mwanzo kabisa, mara nyingine hujibiwa "soma mwongozo". Huo si msaada, hata kama anayejibu hapokei senti.

Kwa hiyo usisasishe Juni wala Desemba siku toleo linapotoka. Msimu wa send-off na harusi hausubiri marekebisho. Ngoja toleo dogo la kwanza la kusahihisha makosa, nakili folda nzima ya AppData\Local\darktable kwenye diski nyingine, ndipo usasishe. Jaribu kwa folda moja ya kazi iliyokwisha kulipwa. Na kama kamera mpya inakuja dukani kwako mwaka huu, peleka sampuli zake wiki ileile uliyoifungua boksi. Ikichelewa hadi wiki za mwisho kabla ya toleo, inaweza kulikosa toleo hilo.