Kiinua mgongo changu hakiendi Chunya

Nimebakiza miaka miwili nifike sitini, na tangu watu wajue hivyo hapa mtaani Mbeya, kila mmoja ana mpango na hela ambayo mimi mwenyewe sijaishika. Huyu anataka ninunue shamba la miti Mufindi. Yule anasema mpunga wa Mbarali: nunua wakati wa mavuno, uza ukiadimika. Wa juzi ni shemeji yangu, kaja na simu mkononi.

"Shem, wenzetu Marekani akiba ya uzeeni wanaiweka kwenye dhahabu. Sisi tunayo hapo Chunya, tunahangaika na nini?"

Nusu ya maneno yake nayakubali. Shilingi yetu ilipoanza mwaka 1966, dola moja ilikuwa shilingi 7 na senti 14. Leo inahesabiwa kwa maelfu. Dhahabu, ambayo wakati ule wakia moja, yaani kama gramu 31, ilikuwa dola 35, Oktoba 2025 ilivuka dola 4,000. Aliyeficha noti chini ya godoro na aliyeficha bangili hawakuzeeka sawa.

Lakini shemeji hakuisoma habari mpaka chini. Sheria ya Marekani imeruhusu vipande vya dhahabu kwenye akaunti za uzeeni tangu 1997, na masharti yake si mchezo. Kipande kiwe safi kwa asilimia 99.5, isipokuwa sarafu chache zilizotajwa. Kikae kwa mtunzaji anayetambulika kisheria, na utunzaji huo unalipiwa. Kabatini kwako hakiruhusiwi. Mwaka 2021 mahakama ya kodi ya huko iliwabana mume na mke waliokuwa na sarafu zao nyumbani. Ikahesabika kwamba wameshazitoa kwenye akaunti, walipe kodi.

Sasa linganisha na kipande cha Chunya kilichotoka karasha, ile mashine ya kusaga mawe, kikapita kwenye zebaki, kikafungwa kwenye karatasi. Kwanza, dhahabu ghafi huruhusiwi kukaa nayo bila leseni; ndiyo maana kuna soko la madini pale. Pili, nani amekupimia?

Mwalimu mwenzangu mmoja alistaafu, akanunua "kwa kijana anayefahamika". Nilimsindikiza kwa sonara. Yule mzee akatoa jiwe jeusi, dogo kama kipande cha sabuni kinachoishia, akasugua. Ukabaki mstari wa njano, mzuri kweli. Akadondosha tindikali. Mstari ukachemka, ukawa kijani, ukafutika. Hakusema neno, alichukua kitambaa akafuta jiwe.

"Jaribu upande wa pili," mwalimu akasema.

Akajaribu. Tukarudi na daladala bila kuzungumza.

Hata iliyo halali ina kiburi chake. Januari 1980 wakia ilifika kama dola 850, kisha ikaporomoka hadi karibu 250 mwaka 1999. Kuirudia ile 850 ikabidi kusubiri mpaka 2008. Aliyestaafu na sitini yake mwaka 1980 na kununua kwa bei ya juu alifikisha miaka 88 ndipo akaona hela yake imerudi, tena dola zenyewe zimeshapungua nguvu. Na miaka yote hiyo dhahabu haikumnunulia hata debe la mahindi, labda aikate. Miti ya Mufindi, pamoja na moto wake wa kiangazi, inanenepa ukiwa umelala. Hatifungani ya serikali ya miaka 20, yaani unaikopesha serikali hela yako, inalipa riba mara mbili kwa mwaka, na unaingia kwa milioni moja.

Kwa hiyo mimi ile asilimia 40 ya mkupuo, ambayo kikokotoo, ile kanuni ya kupigia hesabu mafao, kinampa mtumishi kama mimi, nyingi itakwenda kwenye hatifungani. Dhahabu nitabaki na bangili mbili za marehemu mama. Ningependa mfuko wetu wa pensheni ndio ununue dhahabu kidogo kwa niaba yetu, iliyosafishwa, iliyopimwa, ikalale kwenye chumba chenye walinzi. Benki Kuu inanunua ya nchini kwa ajili ya akiba ya taifa, kwa hiyo njia ipo. Mtu mmoja mwenye kufuli la dukani hana ubavu wa kulinda kitu hicho, na wezi wa mtaani kwetu wanajua tarehe ya mafao kuliko sisi.

Nilimweleza shemeji haya yote, akanisikiliza vizuri, akanywa chai. Jumapili anakuja na mtu wa parachichi kutoka Njombe.