Mafuta ya karai nayo yapate mnunuzi

Jioni nikipita Mwanjelwa, hapa Mbeya, huwa nakula chipsi kwenye kibanda kimoja. Wiki iliyopita nilisita. Mafuta ya kwenye karai yalikuwa meusi kama chai ya rangi iliyolala, viazi vikiingia povu linapanda na halishuki, na moshi unawasha macho. Nilipomwambia muuzaji ayabadilishe akanijibu kwa upole, "Kaka, nikimwaga hayo nimemwaga faida ya siku mbili."

Simlaumu hata kidogo. Tazameni gereji zetu: oili chafu ina wateja, watu wanainunua wapake nguzo na mbao zisiliwe na mchwa. Mafuta ya karai anayanunua nani? Mkaangaji mwingine mwenye mtaji mdogo zaidi. Yanahama karai tu, kisha yanarudi tumboni mwetu. Yakishindikana kabisa yanamwagwa mtaroni, na Juni baridi ya Mbeya ikikaza, yale ya mawese yanagandia humo humo pamoja na takataka.

Na hii ni mali jamani! Mwaka 1900, kwenye maonyesho ya Paris, injini ya dizeli iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Leo Ulaya wanakusanya mafuta yaliyokaangiwa mahotelini wanayageuza dizeli. Sisi tuanze na sabuni. Mimi na mama mkubwa tumeshaijaribu, kule Uyole: kilo moja ya mafuta ya alizeti yaliyotumika, kostiki soda, ile kemikali kali ya kutengenezea sabuni, gramu 130 hivi. Soda ndiyo inayotiwa kwenye maji, kamwe usitie maji kwenye soda, yatakurukia. Na glavu ni lazima. Tulikoroga hadi ikawa nzito kama uji wa ulezi, tukaimimina kwenye boksi, tukaiacha wiki nne. Ya kwanza ilinuka dagaa kwa sababu hatukuchuja vizuri. Ya pili tulichuja kwa kitambaa mara mbili, na mashati ya shule yalitakata.

Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ipo, 4 ya wanawake, 4 ya vijana, 2 ya watu wenye ulemavu. Kikundi kimoja tu kikope, kipite vibandani kila wiki na madumu, kipime na kulipa taslimu, kwa bei inayomshinda yule mkaangaji wa pili. Bila bei hiyo, semina za afya hazitabadilisha karai hata moja.

Juzi nilimuuliza muuzaji wangu angeuza lita kwa shilingi ngapi. Akainama, akavuta dumu chini ya meza, akataja bei papo hapo.