Eti Mwaka Sifuri

Mpwa wangu amepata nafasi ya kusoma uhandisi ujenzi chuo kikuu. Barua imeeleza wazi kwamba ataanza na mwaka wa msingi, yaani faundesheni, akifaulu anaingia mwaka wa kwanza wa shahada. Alinipigia simu jioni, na ile shikamoo yake ilitoka kama ya mtu aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Nikampongeza. Kimya. Nikamuuliza, mbona hufurahi? Akasema, "Mjomba, baba mkubwa anasema hiyo ni njia ya waliofeli. Anasema wenzangu wanaanza mwaka wa kwanza, mimi naanza mwaka sifuri."

Mwaka sifuri! Na anayesema hivyo ni mtu ambaye rafu aliyoipigilia ukutani kwa mikono yake ilidumu wiki mbili, ikaanguka usiku na vitabu vyote.

Angekuwa peke yake ningenyamaza. Lakini maneno hayohayo nimeyasikia kwa wahandisi wenye mihuri. Si zamani sana, tukiwa saiti, mhandisi mwenzangu alimuuliza kijana wa mafunzo kazini alikopitia. Kijana akajibu bila kuficha. Yule bwana akasema, "Ahaa, mlango wa uani," akacheka, nasi wengine tukacheka kidogo kwa adabu. Nami nilicheka. Hapo ndipo panaponiuma, kwa sababu mimi nilipita mlango huohuo, na kwenye wasifu wangu wa kazi nimeandika tarehe ya kuanza shahada kana kwamba mwaka uliotangulia nilikuwa nimelala.

Najua mnangoja nifanye utani wa wajenzi wanaodharau msingi. Siufanyi. Kila mkuu wa idara ameshaufanya kwenye hotuba ya kukaribisha wanafunzi, na kila mwaka anacheka yeye mwenyewe.

Niwaambie kilichotokea kwenye mwaka wangu sifuri. Wiki ya tatu, mwalimu wa mekaniki aliingia darasani na swali moja tu. Ngazi ya mita 5 imeegemezwa kwenye ukuta laini usio na msuguano. Mguu wake uko mita 3 kutoka ukutani, kichwa chake kinagusa ukuta mita 4 juu ya sakafu. Ngazi ina uzito wa nyutoni 200 (nyutoni ni kipimo cha nguvu). Mtu wa nyutoni 700 anaanza kupanda. Sakafu itahitaji msuguano kiasi gani ili ngazi isiteleze?

Tukakimbilia vikokotoo. Akasema viwekeni chini. Ondoeni ukuta, akasema. Ondoeni sakafu. Ondoeni na huyo mtu. Ibakizeni ngazi peke yake hewani, halafu chora mishale ya nguvu za kila kitu kilichokuwa kikiigusa, na mmoja wa uzito wake. Basi.

Jamani, tulikaa na ngazi ile siku nne. Mimi nilichora mshale wa ukuta ukielekea ukutani, yaani ukuta wangu ulikuwa unaivuta ngazi kama sumaku. Jirani yangu alimchora mtu mzima mzima, na kofia, akasahau uzito wake. Kulikuwa na jamaa mmoja, mtu wa makamo aliyekuwa ameshafanya kazi za ujenzi miaka mingi, ambaye alichora kwa dakika tano na kupata yote. Hakujua neno vekta. Alikuwa ameshaanguka kutoka kwenye ngazi.

Mchoro ulipokamilika, hesabu yenyewe ilikuwa mistari mitatu. Ngazi ikiwa tupu, ukuta unaisukuma kwa nyutoni 75, na msuguano wa sakafu unatakiwa kuzizuia hizohizo 75. Mtu akifika katikati, zinakuwa 337.5. Akifika juu kabisa, 600. Na tangu alipoweka mguu kwenye kidato cha kwanza, sakafu inabeba uzito uleule wa nyutoni 900, awe chini awe juu. Mzigo wa sakafu haujaongezeka hata chembe, lakini haja ya msuguano imepanda hadi mara nane ya ile ya ngazi tupu. Ndiyo maana ngazi haimwangushi mtu anapoanza kupanda. Inamngoja afike juu.

Nilirudi bwenini nikaitazama kila ngazi, kila mlango, kila feni iliyoning'inia darini kwa jicho jingine. Sijawahi kupata tena hisia ile, hata siku niliyokabidhiwa shahada.

Sasa, waliokuwa wameingia moja kwa moja, wenye alama zinazong'aa, ngazi hiyo walikuwa nayo kwenye karatasi ya mtihani wa sekondari. Waliifanya kwa dakika saba wakaendelea na swali la nane. Siwalaumu, mtihani ulidai hivyo. Lakini mwaka wa pili wa shahada tulikutana nao kwenye boriti. Kwa boriti iliyolazwa juu ya maegemeo mawili na kubeba mzigo uliosambaa sawasawa, momenti kubwa kabisa ya kupinda, yaani kipimo cha jinsi mzigo unavyoipinda, ni mzigo wa kila mita mara urefu mara urefu tena, gawanya kwa 8. Fomula hiyo walikuwa nayo vidoleni. Ungewaamsha saa tisa za usiku wangekutajia.

Kisha tukapewa kibaraza kilichochomoza, kimeshikwa ukutani upande mmoja tu, upande wa pili hewani. Tukaambiwa tuchore nondo. Mwenzangu mmoja, kichwa kweli, aliyekuwa anatufundisha sisi wengine kalkulasi, alihesabu kila kitu sawa, kipenyo sawa, idadi sawa, nafasi sawa. Akazilaza nondo chini.

Kwa asiyefanya kazi hizi, hiyo si kasoro ndogo. Zege ukiligandamiza ni shujaa. Ukilivuta, uwezo wake ni kama sehemu moja tu ya kumi ya ule wa kugandamizwa. Nondo zinakaa upande unaovutwa. Boriti ya kawaida inavutwa chini, kwa hiyo nondo kuu ziko chini. Kibaraza kilichochomoza kinapinda kinyume chake, kinavutwa juu. Ukilaza nondo chini umetia chuma pale pasipohitaji na kuliacha zege peke yake pale panapopasuka. Na hesabu zako zote ni sahihi! Kikokotoo hakina kosa hata moja. Kilichokosekana ni dakika moja ya kukiondoa kile kibaraza ukutani, kukiacha hewani, na kujiuliza nani anakivuta na nani anakisukuma. Dakika hiyo tulipewa sisi wa mlango wa uani, tena tukapewa siku nne.

Mtu atasema natia chumvi, kwamba makosa kama hayo yanaishia darasani. Haya basi. Julai 1981, Kansas City, Marekani, vivuko viwili vya kupitia watu vilivyoning'inia ndani ya ukumbi wa hoteli vilianguka na kuua watu 114. Ramani ya awali ilikuwa na vyuma virefu vinavyotoka darini, vinapita kivuko cha juu na kuendelea hadi cha chini. Wakati wa ujenzi ikabadilishwa: chuma kimoja kutoka darini hadi kivuko cha juu, kingine kutoka kivuko cha juu kwenda cha chini. Inaonekana ni jambo dogo la kumrahisishia fundi kazi. Lakini nati iliyo chini ya boriti ya kivuko cha juu, ambayo mwanzo ingebeba kivuko chake tu, sasa ilibeba na cha chini yake. Mzigo mara mbili. Na hata ule mpango wa kwanza haukuwa na nguvu iliyotakiwa na kanuni za ujenzi. Ukiichora ile nati peke yake na mishale yake, unaona kosa kabla kalamu haijakauka. Ni swali la mwaka wa msingi. Waliolipitisha walikuwa wahandisi wenye leseni, na leseni hizo walinyang'anywa baadaye.

Sisemi wangepitia faundesheni wasingekosea. (Nasema kidogo.)

Kuna mambo ya kukubali, na nayakubali kwa shingo upande. Mwaka ni mwaka. Wenzako watahitimu, wataanza kupokea mshahara, wewe bado unabeba rula ya T. Ada ya mwaka mzima nayo si maneno, na vyuo vingine vimegundua kwamba neno "msingi" linauzika, vinajaza ukumbi wa watu bila kuwaambia kwamba nafasi za kupanda ni chache. Soma barua yako mstari kwa mstari: unatakiwa alama ngapi za hisabati na fizikia ili uingie mwaka wa kwanza, na je, ukizipata nafasi ni yako au unaomba upya? Alama ya kufaulu na alama ya kupanda mara nyingi si moja. Na usidhani cheti cha faundesheni cha chuo kimoja kitapokelewa kila mahali. Uliza kabla hujalipa, tena kwa maandishi.

Halafu si wote wanaovuka. Darasa letu lilianza na watu 31, tukapanda 22. Wengine hesabu ziliwashinda, wawili waligundua walitaka kuwa wasanifu majengo, mmoja aliacha bila kuaga na kikokotoo changu alikuwa nacho. Lakini afadhali kujua hivyo mwaka sifuri kuliko mwaka wa tatu.

Na eti mwaka wa msingi ni wa kupumzika! Aliyesema hivyo hajawahi kupima zege na fundi maabara wetu. Kile kipimo cha koni ya milimita 300: unajaza zege matabaka matatu, kila tabaka unalichoma kwa fimbo mara 25, unasawazisha juu, unainua koni polepole, unapima zege limeshuka kiasi gani. Mwenzangu alichoma mara 24. Tulidhani fundi haoni, alikuwa amegeuka anaosha toroli. Akasema bila kugeuka, "Mwageni, muanze upya." Tukamwaga. Mara ya pili tukahesabu kwa sauti wote wanne kama watoto wa chekechea, na mpaka leo nikiwa saiti na kijana anachoma zege, midomo yangu inahesabu yenyewe.

Kuhusu hoja kwamba mhandisi wa kweli haanzii uani, nitasema neno moja: Telford. Mtoto wa mchungaji kondoo, baba akafa yeye akiwa mchanga, akajifunza uashi wa mawe. Huyo ndiye aliyejenga daraja la kuning'inia la Menai, huko Wales, lililofunguliwa 1826, na ndiye aliyekuwa rais wa kwanza wa Taasisi ya Wahandisi Ujenzi ya Uingereza mwaka 1820. Mtaniambia enzi zile hakukuwa na mitihani. Sawa. Hakukuwa na baba mkubwa wa kumuuliza ameingilia mlango upi pia.

Nirudi kwa yule kijana wa saiti. Alipochekwa hakujibu kitu. Aliendelea kupima nafasi kati ya ringi za chuma za nguzo kwa futi yake, akiandika kwenye daftari dogo lililochafuka saruji. Nilitakiwa kusema, "Hata mimi nilipita huko." Maneno manne. Niliyameza, nikauliza mambo ya kokoto. Jana nimemtafuta kwenye simu nikamwambia. Akasema, "Najua, bosi. Nilikuona unavyohesabu zege."

Wasifu wangu wa kazi nimeurekebisha usiku huohuo. Mwaka wa msingi sasa una mstari wake.

Mpwa wangu naye sikumpa hotuba. Hotuba ameshapewa za kutosha, nyingine kwa sauti kubwa. Nimemtumia ile ngazi, na urefu wake, na uzito wake, na yule mtu wa nyutoni 700, nikamwambia achore kwanza, asihesabu. Saa nne usiku imeingia picha ya karatasi. Kachora vizuri kuliko mimi nilivyochora: ukuta unasukuma nje, uzito unashuka, sakafu inabeba juu. Lakini mguuni pa ngazi hakuna mshale wa kulala hata mmoja. Kausahau msuguano.

Nimemwandikia neno moja tu, "Inateleza."

Naona anaandika, anafuta, anaandika tena.