Filta ya Oili: Asilimia 99 ya Nini?

Boksi la kwanza limeandikwa asilimia 99. La pili nalo asilimia 99. La tatu halisemi kitu. Filta zote tatu zinaingia kwenye injini ileile, gaskiti zinalingana, nyuzi zinalingana, na fundi aliyezoea kazi yake atakwambia zote ni zilezile, chukua ya bei nafuu. Hapo ndipo tunapoachana yeye na mimi. Hata hizo mbili za asilimia 99 zinaweza kupishana sana, kuliko mojawapo inavyopishana na ile iliyokaa kimya.

Asilimia 99 ya nini? Ya chembe za ukubwa gani? Chembe hupimwa kwa maikroni, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa kichwa una unene wa maikroni 70 hivi. Kunasa asilimia 99 ya chembe za maikroni 40 hakuhitaji ufundi mkubwa. Kunasa asilimia hiyohiyo ya chembe za maikroni 20 ni kazi nyingine kabisa. Asilimia isiyotajiwa maikroni ni mbuzi kwenye gunia. Na boksi likijisifu kwamba ndani mna "filta ya maikroni 10" bila kutaja asilimia, nalo halijasema lolote, kwa kuwa hata filta inayonasa nusu tu ya chembe hizo inaweza kujiita hivyo.

Kipimo kinachoheshimika ni ISO 4548-12. Oili huzungushwa kwenye filta tena na tena huku vumbi maalumu la majaribio likiongezwa, na chembe huhesabiwa kabla ya filta na baada yake. Gawanya hesabu ya kwanza kwa ya pili, unapata uwiano unaoitwa beta. Beta 2 ni asilimia 50, beta 20 ni asilimia 95, beta 100 ni asilimia 99. Mimi napenda beta kuliko asilimia, maana asilimia hudanganya macho. Kati ya 95 na 99 mtu huona pengo la 4 tu. Lakini kinachoumiza injini ni kilichopita, si kilichonaswa: katika kila chembe 100, filta moja inapitisha 5 na nyingine inapitisha 1. Hiyo ni mara tano.

Zinaumiza kweli? Kwenye beringi za krankshafti, yaani vikalio unamozunguka mhimili mkuu wa injini, chuma hakitakiwi kugusa chuma. Katikati kuna utando wa oili, ambao penye mzigo mkubwa hubaki maikroni chache tu. Chembe ndogo kuliko utando huo hupita bila kugusa pande zote mbili. Kubwa sana hunaswa na filta yoyote ile. Za katikati, kuanzia maikroni 5 hadi 20 hivi, ndizo zinazojipenyeza na kukwaruza. Mwaka 1988 yalichapishwa majaribio ya General Motors yaliyoonyesha kwamba, ukilinganisha na filta ya maikroni 40, ile ya maikroni 30 ilipunguza kulika kwa injini kwa asilimia 50, na ya maikroni 15 kwa asilimia 70. Takwimu hizo wauza filta wamezikariri mpaka zimechakaa. Wasichokisema ni kwamba majaribio ya namna hiyo huilisha injini vumbi makusudi, ili uchakavu wa miaka uonekane upesi. Injini yenye filta nzima ya hewa haili vumbi kiasi hicho.

Wanaoona ufanisi mkubwa ni mbwembwe wana hoja moja nzito, na kwa muda mrefu niliikubali. Wanasema oili haipiti mara moja. Sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, ina lita 4 au 5, na gari likiwa kwenye mwendo pampu huizungusha yote mara kadhaa ndani ya dakika moja. Sasa chukua filta dhaifu, inayonasa nusu tu. Chembe 100 zikipita mara tano zinabaki 3. Zikipita mara kumi hakuna kitu. Kwa nini basi mtu alipie asilimia 99?

Kasoro ya hoja hii ni kwamba uchafu hauingii siku moja ukakoma. Unaingia muda wote. Tuseme kila dakika zinaingia chembe mpya 100. Hali ikishatulia, filta nayo lazima inase 100 kwa dakika, la sivyo uchafu ungekuwa unaongezeka bila mwisho. Ile inayonasa nusu, ili inase 100, lazima ifikiwe na 200. 100 zilizobaki zinakwenda moja kwa moja kwenye beringi. Ile ya asilimia 99 inafikiwa na 101, inanasa 100, inapitisha 1. Tazama kilichotokea. Ukichota oili kwenye sampu na kuipeleka maabara utaona tofauti ya 200 kwa 101, karibu mara mbili tu, na utasema filta hizi hazijaachana sana. Lakini beringi haipati oili ya sampu. Inapata ile iliyotoka kwenye filta, na huko tofauti ni 100 kwa 1. Ndiyo maana sishangai mtu akisema amepima oili yake na hajaona faida kubwa ya filta ghali. Amepima upande ambao faida haionekani.

Hesabu hiyo hata hivyo ina mpaka wake, na mpaka wenyewe unawapa nguvu wa upande wa pili. Vumbi linaloingia na hewa hukwaruza kuta za silinda na ringi za pistoni kabla halijateremka kwenye oili. Huko filta ya oili haifiki. Mpira wa boksi la filta ya hewa ukiwa umelegea, beta 1000 haikusaidii. Masizi nayo mengi ni madogo kuliko maikroni 1, yanapita kama hayaoni filta. Tindikali, maji na petroli iliyochuruzikia kwenye oili ni vivyo hivyo. Anayehukumu filta kwa weusi wa oili, kwa hiyo, anahukumu kitu kisichohusika.

Kuna na hofu ya kwamba filta inayochuja sana "inabana" oili isifike juu ya injini. Hii imetiwa chumvi. Pampu nyingi za oili za magari husukuma kiasi kilekile kwa kila mzunguko, na oili hiyo lazima ipite mahali. Filta ikiwa nzito kupitika, kinachoongezeka ni tofauti ya presha kati ya kuingia na kutoka. Tofauti hiyo ikifika kiwango fulani, mara nyingi kati ya psi 8 na 22 kutegemea injini, valvu ya baipasi hufunguka na oili hupita bila kuchujwa. Injini haikosi oili; inakosa oili safi. Ukweli uliomo kwenye hofu hiyo uko hapo: karatasi ndogo iliyoshonana sana, asubuhi ya baridi, oili ikiwa nzito, inaweza kuufungua mlango huo mara nyingi. Dawa yake ni eneo kubwa la kuchujia na nyuzi nyembamba. Nyuzi za kioo ni nyembamba na zinalingana kuliko za mbao zinazotengeneza karatasi ya kawaida, kwa hiyo huacha matundu madogo lakini mengi. Nyuzi hizo pia hubeba uchafu mwingi zaidi kabla ya kuziba.

Kuna kitu kingine namba za boksi hazikisemi kabisa, nami nilikijua kwa kukata. Gari lilikuwa likigonga kwa sekunde mbili kila nilipoliwasha asubuhi, kisha linatulia. Filta iliyokuwemo ilikuwa ya zile zenye sifa kubwa, na maikroni yake ilitajwa vizuri tu. Nilipoitoa nikaikata kwa kikata-bati (msumeno unamwaga vyuma vyake ndani, hujui kipi ni cha injini), nikaitandaza karatasi. Mikunjo ilikuwa imesongamana upande mmoja, upande wa pili pana uwazi wa kupitisha kidole, na penye mshono wa gundi mkunjo mmoja umepasuka. Chini yake mpira mweusi unaozuia oili isirudi kwenye sampu gari likizimwa ulikuwa umekauka, ukiukunja hautaki kurudi. Ule mlio wa kugonga wa asubuhi ulitokea hapo. Mipira ya silikoni huvumilia joto kuliko ya naitrili, na hilo ni jambo dogo la kuuliza dukani ambalo ni nadra kuulizwa. Ule mkunjo uliopasuka ulinifundisha zaidi: asilimia 99 ilipimwa kwenye filta mpya, maabara. Iliyokuwa injinini mwangu sidhani ilibakiwa na nusu yake.

Kwa hiyo sisimami na fundi anayesema zote ni moja, wala sisimami na anayefukuza namba ya juu kuliko zote. Anayebadili oili mapema na barabara zake si za vumbi, asilimia 95 kwa maikroni 20 yenye mpira mzuri inamtosha, na fedha iliyobaki aitie kwenye filta ya hewa. Anayeisubirisha oili kilomita nyingi, au injini yake ina tabo (turbo, ile inayoshindilia hewa injinini), huyo ndiye mwenye sababu ya kulipia asilimia 99, lakini aulize pia filta inabeba gramu ngapi za uchafu, maana itakaa humo muda mrefu. Na boksi ambalo mtengenezaji wake hawezi kutaja maikroni, asilimia na kipimo alichotumia mimi nalirudisha rafuni.

Filta niliyofunga baada ya ile ya kukatwa ni dhaifu kwa namba za boksi: asilimia 95 kwa maikroni 20. Kesho yake asubuhi niliwasha gari, sikusikia kitu. Nayo nitaikata.