Nikatae kwa Maandishi

Jirani yangu hapa Kibuye, Kisumu, anauza vipuri vya mashine za kusaga. Mwaka jana yeye na wenzake wawili walileta kontena moja kutoka China, la kugawana, na ajenti wa forodha waliyemlipa akaandika entri (karatasi ya kutangaza mzigo kwa forodha) ya mzigo wa jirani yangu kwenye mstari wa ushuru wa asilimia 25, ilhali ulistahili asilimia 10. Hakuna aliyegundua. Ushuru ukalipwa, lori likapanda kutoka Mombasa, vipuri vikaanza kuuzwa. Mimi ndiye humwekea vitabu vya hesabu, na entri hiyo niliiona nikitafuta kitu kingine kabisa, mwezi wa kumi tangu pesa zilipwe.

Nikamwambia, "Mzee, hapa ulilipa zaidi."

Akacheka. "Serikali irudishe pesa? Hiyo umeiona wapi?" Halafu, baada ya kuwahudumia wateja wawili, akarudi mezani na uso mwingine. "Basi twende kortini."

Swali ni korti gani. Na kabla ya hilo, niseme kwamba Kiswahili chetu hakitusaidii hapa. Mamlaka ndiyo inayokutoza ushuru, na mamlaka ndiyo jaji anayohitaji ili akusikilize. Unaweza kushtaki mamlaka mbele ya korti isiyo na mamlaka. Nimeshuhudia mazungumzo ya nusu saa ambapo wazee wawili walikuwa wakibishana kuhusu mamlaka mbili tofauti bila kujua.

Turudi kwenye pesa. Tuseme thamani ya mzigo kwa forodha ni shilingi 1,000,000. Kwa asilimia 25 unalipa 250,000. Kwa asilimia 10 unalipa 100,000. Tofauti ni 150,000. Lakini VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16 huhesabiwa juu ya thamani pamoja na ushuru wenyewe, kwa hiyo kosa la ajenti limezaa 24,000 nyingine. Pesa zimetoka siku moja, kwa entri moja, ila kuzirudisha ni njia mbili. Ushuru wa forodha unafuata Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004, inayotumika sawasawa Busia upande wetu na Busia ya Uganda. VAT inafuata sheria zetu za humu nchini. (Kama umesajiliwa kwa VAT, angalia kwanza: huenda hiyo 24,000 ulishaikata kwenye hesabu zako za mwezi. Kudai mara mbili ni kujitafutia makubwa.)

Kifungu cha 144 cha ile sheria ya Jumuiya kinasema ushuru uliolipwa kwa makosa utarejeshwa, mradi dai liwasilishwe ndani ya miezi 12 tangu siku ya malipo. Si tangu siku ya kugundua. Watu wa forodha wakigundua kwamba ulilipa kidogo, wana miaka 5 ya kukufuata. Wewe ukigundua kwamba ulilipa zaidi, una mwaka mmoja, na huo mwaka ulianza kuhesabiwa ukiwa bado unatafuta lori la kupakia. Hilo linanikera, lakini si ndilo ninaloliandikia leo.

Wengi hapa Kisumu hudhani Mahakama Kuu inasikiliza kila kitu. Wanasoma Kifungu cha 165 cha Katiba, kinachoipa mamlaka yasiyo na kikomo katika kesi za jinai na za madai, na wanakusanya pesa za wakili. Kisha kesi inaondolewa kabla hata nambari ya kontena haijatajwa. Msingi wake ni wa zamani. Mwaka 1989, katika kesi ya meli iitwayo Lillian S, Jaji Nyarangi wa Mahakama ya Rufani alisema korti isiyo na mamlaka haina budi kuweka zana zake chini hapo hapo. Mwaka 1992 kesi ya Spika wa Bunge dhidi ya Njenga Karume, ambayo haikuwa na habari za forodha hata kidogo, ikaongeza kwamba sheria ikishakuwekea njia ya kupeleka lalamiko, uifuate hiyo. Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015 ikapigilia msumari: maliza kwanza njia zilizowekwa, isipokuwa uishawishi korti kwamba hali yako si ya kawaida. Kulipia vipuri zaidi, kwa bahati mbaya, ni hali ya kawaida sana.

Njia yenyewe ni hii. Uamuzi wa afisa wa forodha ukikuumiza, una siku 30 za kumwomba Kamishna wa Forodha aupitie upya. Naye ana siku 30 za kukujibu, na akinyamaza, sheria inachukulia kwamba amekubali. Ndiyo, kimya chake ni ushindi wako. Akikukataa, una siku 45 za kukata rufaa kwenye Jopo la Rufaa za Ushuru, lenye makao Nairobi. Hapo ukishindwa ndipo unaipata Mahakama Kuu.

Sina ugomvi na mpangilio huo. Kuamua kama kipuri fulani ni sehemu ya mashine au ni chuma cha kawaida ni kazi ya watu waliozoea kitabu cha viwango vya ushuru, si ya jaji ambaye asubuhi hiyo hiyo ana kesi ya mauaji na ya shamba la Nyakach. Wanaolilia Mahakama Kuu ifunguliwe kwa kila dai la marejesho hawajawahi kumlipa wakili kwa saa.

Ugomvi wangu uko kwenye kimya cha kwanza. Ile zawadi ya siku 30 inahusu ombi la kupitia uamuzi upya. Dai lenyewe la kurejeshewa, la kifungu cha 144, kifungu hicho hakiliwekei siku za kujibiwa. Umepeleka karatasi, zimegongwa muhuri, umerudi dukani. Tuseme miezi mitatu inapita. Hujakubaliwa, hujakataliwa. Utaomba kupitiwa upya uamuzi upi? Utakatia rufaa nini? Jopo litakuuliza barua ya uamuzi iko wapi, na Mahakama Kuu itakuuliza kama umeshapitia kwa Jopo.

Wakili mmoja rafiki yangu alinikumbusha kwamba kifungu cha 229 cha sheria hiyo hiyo, kile cha kuomba kupitiwa upya, hakisemi uamuzi tu. Kinasema uamuzi au kutotenda. Kwa hiyo unaweza kulalamikia hata kutojibiwa, ndani ya siku 30 tangu tarehe ya huko kutotenda. Nikamuuliza: wakili, kutotenda kuna tarehe gani? Uamuzi una tarehe juu ya barua. Kimya kinaanza lini? Siku ya kumi? Ya mia? Ukilalamika mapema utaambiwa dai bado linashughulikiwa. Ukichelewa utaambiwa siku 30 zilipita zamani. Alitabasamu tabasamu la mawakili. Kuna nafasi ya kuombea muda wa ziada kwa sababu ya ugonjwa, kuwa nje ya nchi au sababu nyingine ya maana, lakini hiyo inamtegemea Kamishna yule yule.

Kwa hiyo ombi langu kwa wabunge wa Jumuiya, kule Arusha, litashangaza. Sitaki kimya juu ya dai la marejesho kihesabiwe kuwa kukubali. Nataka kihesabiwe kuwa kukataa. Baada ya siku 60, kwa mfano, dai lisilojibiwa lihesabiwe limekataliwa, na tarehe ya kukataliwa ijulikane kwa kuhesabu vidole. Kukubaliwa kwa kimya hakuandiki hundi. Utaishia Mahakama Kuu ukiomba amri ya kumlazimisha afisa alipe. Kukataliwa kunakupa tarehe, na tarehe ndiyo tiketi ya kuingia kwa Jopo.

Wanaodhani shida hii ni ya kwetu tu watazame Marekani. Huko wana korti nzima ya biashara ya kimataifa, New York, kwa sheria ya 1980, na mwagizaji ana siku 180 za kuupinga ushuru aliotozwa. Bado tarehe 28 Mei 2025 korti hiyo iliamua kesi ya ushuru wa Rais Trump, na kesho yake jaji wa Washington akasema kesi ya namna hiyo hiyo, ya kampuni ya vifaa vya kuchezea watoto, iko chini yake na si chini ya New York. Hao wana korti maalumu, na bado waligombania mlango.

Tuliandika dai la jirani yangu kwa siku mbili, pale nyuma ya duka, na kelele za mashine ya kuchomelea za jirani wa pili. Entri, stakabadhi ya benki, ankara ya China, picha za vipuri, barua ya ajenti akikiri kosa (hii ndiyo iliyochukua muda). Mwishoni nikaongeza sentensi ambayo rafiki yangu wakili anaicheka mpaka leo: tunaomba jibu kwa maandishi ndani ya siku 60, na tusipolipata tutaihesabu siku ya 61 kuwa tarehe ya kutotenda.

Sheria haijanipa uwezo wa kuipangia ofisi siku. Lakini ikifika siku ya kubishana kimya kilianza lini, angalau upande mmoja utakuwa na karatasi. Mzee aliisoma mara mbili, akaniuliza kama haitawaudhi, kisha akatia sahihi. Muhuri umegongwa, nakala iko kwenye droo ya chini, chini ya kitabu cha madeni. Leo ni siku ya 17.